Usisimamishe Saa

Judique, Cape Breton
Oktoba 6, 2024

Dada Marcella,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na masista wenzako wote. Sisi hatujambo. Mwanangu Ranald ameota jino la tatu na anauma kila kitu. Jumapili alimuuma Padri kidole wakati wa baraka, Padri akasema, "Huyu atakuwa wakili huyu." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa na jambo moyoni ambalo sasa nakuandikia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nimejiandikisha mtihani wa kuingia chuo cha sheria. Ni ule ule ulioufanya wewe kabla hujaingia utawani. Utakuwa Februari. Najua mimi sina digrii, nina shule ya sekondari na ule mwaka mmoja wa kazi za ofisi, lakini chuo cha huko bara, nje ya kisiwa chetu, kina mlango mdogo wa watu wazima waliokwisha kufanya kazi. Nilipiga simu. Mama aliyepokea akaniambia, "Mpenzi, sikudanganyi. Kwa mlango huo tunatazama namba ya mtihani kwanza. Ukileta mia hamsini na tano, tutakaa tukuzungumzie. Ukileta chini ya hapo, hatutakaa."

Nilipanda darini kwa Mama, Mungu amrehemu, nikatoa sanduku lako la vitabu vya mazoezi. Nikakaa mezani, nikafanya mtihani mzima wa kwanza. Nilipata 143.

Kuna swali lilisema hivi: kila aliyekuja harusini alikula samaki, Morag alikula samaki, je, Morag alikuja harusini? Nikasema ndiyo. Angekula wapi samaki mzuri siku ya Jumamosi? Kumbe nimekosa.

Mume wangu Lauchie hakukataa. Tulikubaliana kwa simu. Nikifika 155, nasoma, yeye anaendelea na zamu zake Alberta, huko magharibi ya mbali, nyumba inabaki. Nisipofika, tunauza nyumba, nambeba Ranald, tunamfuata. "Ni haki, sivyo?" akasema. Nikasema ni haki. Kusema kweli ningesema chochote. Tangu arudi kazini Agosti niko kama mkono uliolaliwa, ganzi tupu. Nauona mkono lakini siusikii.

Unajua kazi yangu pale ofisi ya msaada wa sheria. Nakaa mapokezi. Wanawake wanaingia, wananieleza mimi kila kitu, kipigo, kodi, watoto, nami nawaambia, rudi baada ya wiki tatu. Nimechoka kusema wiki tatu.

Niandikie nifanyeje.

Mdogo wako,
Una


Monasterini
Oktoba 19, 2024

Ni mimi, Marcella. Natia sahihi hapa juu kama kawaida, maana kengele yetu haingoji mtu, ikilia naacha kalamu papo hapo.

Mdogo wangu Una,

Sikucheka. Barua yako niliisoma mara mbili kisha nikaenda kumenya viazi, na viazi vikaisha sijui saa ngapi.

Sikiliza. Mtihani ule haukuulizi Morag ni mtu wa namna gani, wala siku ile ilikuwa Jumamosi au la. Unakuuliza jambo moja tu: maneno haya yanalazimisha jibu hili? Morag anaweza kula samaki jikoni kwake, peke yake, na harusini asifike. Wewe una moyo mwema, unawajazia watu mapengo yao. Pale mezani usimjazie mtu pengo.

Ukimaliza zoezi, usikimbilie majibu. Rudi kwenye maswali yaliyokutia shaka, uyafanye upya bila haraka, uandike pembeni kwa nini umechagua ulichochagua. Ndipo usahihishe. Mtu akishaona jibu huapa kwamba alilijua.

Niandikie namba zako zote, hata zile za aibu.

Huku hakuna jipya. Tumevuna malenge. Sista mzee wa jikoni amevunjika nyonga, kwa hiyo kazi ya jikoni ni yangu. Kuhusu hiyo ganzi yako, kula vizuri na ulale mtoto anapolala. Nafurahi kwamba nyumba yako ina kelele, na una mume anayerudi kila baada ya wiki tatu. Nakuwaza hivyo, jikoni kwako kumejaa watu, na inanisaidia. Nami nitakuambia jambo, kwa kuwa wewe ni ndugu yangu. Siku hizi nikipiga magoti kanisani, huwa si


Judique
Novemba 12, 2024

Dada mpenzi,

Kengele imeimeza sentensi yako tena! "Huwa si" nini? Nilimsomea Mama Peigi. Mama mkwe wangu huyo humjui vizuri, ana jibu la kila kitu. Akasema, "Huwa sisikii baridi. Masista hawasikii baridi, wana soksi za sufu." Mimi nadhani ulitaka kusema huwa sisahau kukuombea. Nimeichukua hivyo.

Sasa namba. Kaa chini kwanza. 148. Halafu 151. Halafu 151 tena, nikataka kukitupa kitabu kwenye jiko. Na jana, Dada, 156!

156. Niliiandika kwa kalamu nyekundu nikaibandika juu ya friji. Mama Peigi akaja kumleta Ranald, akaitazama.

"Hiyo ni nini, homa ya nani?"

"Ni alama zangu, Mama."

"Katika ngapi?"

"Mia na themanini."

"Basi bado una homa," akasema, akavua viatu.

Lakini anafurahi, namjua. Ananichukulia mtoto kila nikiwa kazini na hataki tuende Alberta. Jumamosi nilikuwa katikati ya sehemu ya hoja, akapiga kelele kutoka jikoni, "Mwanasheria, uji unaungua!" Nikamwambia, "Acha uungue, Mama, nina dakika nane." Akasema, "Na mtoto naye aungue?" Nikasimamisha saa, nikaenda kukoroga uji.

Hapo ndipo nilipopata mbinu yangu. Zamani Ranald akilia nilipoteza dakika kumi nzima, nikirudi maswali yamenipita. Sasa akilia nabonyeza saa isimame, nambeba, nambadilisha, namwimbia, akitulia naiwasha tena pale pale ilipokomea. Si haki nikose maswali kwa sababu ya jino la mtu mwingine. Tangu nianze hivyo namba zinapanda tu.

Lauchie anakuja Krismasi. Zamu yake imeongezwa, ndiyo maana hajaja Oktoba wala mwezi huu, wana upungufu wa watu. Amechoka sana, hata simu anapiga mara mojamoja.

Najua Majilio yanakaribia, zile wiki za kungoja Krismasi, na ninyi katika Majilio hamwandiki wala hampokei barua. Naiharakisha hii ikufikie kabla. Utanijibu Krismasi. Wewe nifurahie tu kimyakimya.

Una wako


Desemba 9, 2024

Una,

Barua yako imenifikia kwa kuchelewa. Nitasema kama nilivyokuwa nasema zamani, na utanisamehe.

Hiyo 156 si yako. Ibandue.

Sehemu moja ya mtihani ni dakika thelathini na tano. Si dakika thelathini na tano za utulivu. Ni dakika thelathini na tano za saa ya ukutani, mtoto akilia, uji ukiungua, kichwa kikiuma. Ukisimamisha saa ili umbembeleze Ranald, mkono ndio umembeba, lakini kichwa kimebaki na swali. Unamwimbia huku unafikiri. Unarudi mezani na jibu tayari. Hujafanya sehemu kwa dakika thelathini na tano. Umeifanya kwa saa nzima, na umeiita thelathini na tano.

Sisemi hivi kukuumiza. Mwanafunzi asiye na mtoto hawezi kufanya kosa hili, ndiyo maana vitabuni halipo. Ni kosa la mama. Lakini siku ile hakuna atakayekusimamishia saa.

Chukua mtihani usiopata kuugusa. Washa saa, usiiguse tena. Akilia, ama Mama Peigi ambebe, ama umbebe wewe na dakika ziende. Ukifika swali linalokung'ang'ania, liache. Liache hata kama umebakiza neno moja kulipata. Kuacha kitu nusu ni kazi ngumu kuliko kukimaliza, mimi nimeifanya miaka sita. Kisha niandikie namba itakayotoka. Itakuwa mbaya. Niandikie hivyo hivyo.

Nakukumbuka sana, na nina imani nawe.

Dada yako,
Marcella


Judique
Desemba 17, 2024

Marcella,

144.

Nimefanya ulivyosema. Mama Peigi alikuwa kwenye kwaya, Ranald akaamka sehemu ya pili, nikambeba begani nikawa nasoma huku ananivuta nywele. Saa ikaenda. Sehemu ya tatu nilisoma mstari mmoja mara sita. Nilipojumlisha nikapata alama moja zaidi ya mwanzo wa mwanzo. Nikaibandua ile 156. Sikulia. Nilikaa nikatazama gundi iliyobaki kwenye friji, nikaikwangua kwa kucha.

Halafu siku ya pili, nikiwa natandika kitanda, ndipo likanijia. Nikaitoa barua yako mfukoni nikaisoma tena.

Barua yako ina mwisho.

Miaka sita hujapata kuniandikia barua yenye mwisho. Sahihi yako iko chini, imekaa vizuri, hakuna kengele. Tena tarehe ni ya Majilio. Tena nyuma ya bahasha kuna mtaa wa mjini Moncton, chumba namba fulani, si monasteri. Mimi mjinga nilikuwa natazama tu neno "ibandue", sikuona mengine.

Dada, uko wapi?

Kabla hujanijibu, nami nikuambie langu, maana siwezi kukuuliza ukweli huku nimekalia wangu. Lauchie haji Krismasi. Nilijua hata nilipokuandikia. Zamu haikuongezwa. Mama Peigi alikutana dukani na mke wa mwenzake, akamwambia hao wanaume wamepewa mapumziko yao yote, Oktoba na Novemba, wote wamerudi nyumbani isipokuwa yeye. Mama Peigi alikuja akaniambia akiwa amesimama mlangoni na koti lake. "Mwanangu ni mpumbavu," akasema. "Nimekuletea keki."

Nilikuwa najiambia: mume aliyechoka hapigi simu. Lauchie hapigi simu. Basi Lauchie amechoka. Ni samaki wa Morag tena, sivyo? Wiki nzima nasahihisha hoja mbovu za vitabuni na yangu ipo mezani inakunywa chai.

Nangoja barua yako. Hii naituma mtaa huo wa Moncton.

Una


Moncton
Desemba 26, 2024

Mdogo wangu,

Nimetoka. Nilitoka Novemba, Jumamosi moja kabla ya Majilio, baada ya misa ya asubuhi. Sikuwa nimeweka nadhiri za daima, kwa hiyo hakuna nilichovunja. Mama Mkuu hakunikasirikia. Alinipa koti la sista aliyefariki na nauli ya basi, akanikumbatia. Barua yako ilifika nyuma yangu, yeye ndiye aliyenitumia.

Nina chumba chenye dirisha na heta. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, upande wa kufulia. Nakunja mashuka. Wenzangu wananiita Bibi Kimya. Jana, Krismasi, mmoja akaniuliza, "Wewe huna kwenu?" Nikasema ninako. Akasema, "Sasa mbona uko hapa na soksi za watu?" Nikaendelea kukunja.

Ile sentensi ilikuwa hivi: siku hizi nikipiga magoti kanisani, huwa sisikii kitu. Si huzuni, Una. Huzuni ningeitoa sadaka. Kama mtu amezima taa kwenye chumba nilichomo na sikumbuki alizima lini. Mwaka na nusu. Nilimenya viazi, niliimba zaburi, nilikuandikia wewe ushauri, na ndani hapakuwa na mtu. Ulipoandika neno ganzi niliruka, nikadhani umeniona.

Utaniuliza kwa nini sikuja kwako. Nilikuwazia una mume wiki moja kila mwezi, mama mkwe, mtoto, mtihani. Nikasema, hapo mtu mwingine wa kazi gani. Nilikujazia pengo, mimi niliyekukataza. Wewe ukaniwazia niko salama ndani ya kuta, ukanificha yako usije ukanivuruga katika sala. Tumeoneana huruma mpaka tumeachana kila mmoja peke yake.

Kuhusu 144. Ni ya kweli, na ya kweli hupandishika. Angalia ni wapi ulipoteza. Kama ni mwisho wa kila sehemu, tatizo ni mwendo. Kama ni katikati, ni yale maswali yanayokung'ang'ania. Jizoeze kuacha. Fanya sehemu moja kila siku, si mtihani mzima.

Pole kwa Lauchie. Hata pole nikiiandika naiona tu kama maandishi.

Dada yako,
Marcella


Judique
Januari 4, 2025

Dada,

Njoo.

Basi la Jumamosi linafika njia panda saa tisa, Mama Peigi atakuja na gari lake, usiogope anavyoendesha. Chumba cha nyuma kina kitanda. Kina maboksi pia, tutayatoa.

Usiniambie utakuwa mzigo. Sikuiti kwa huruma, nakuita kwa shida yangu. Mtihani naufanyia hapa hapa nyumbani, chumbani, kwa kompyuta, na kuna msimamizi anayenitazama kwa kamera. Sheria yao ni kali. Mtu mwingine akiingia chumbani, hata mtoto wa kutambaa, mtihani wanaweza kuufuta palepale. Mama Peigi peke yake hatamzuia Ranald. Akisikia analia atamleta mwenyewe mpaka kwenye kamera, amsalimie na msimamizi.

Lauchie alipiga simu mwaka mpya. Nikuandikie kama ilivyokuwa.

"Umefikisha?" akasema.

"Bado. Mtihani ni Februari."

"Mazoezi je?"

"147."

Nikasikia mtu anacheka nyuma yake, sijui redio. "Basi nitamwambia wakala aje Machi apige picha za nyumba. Theluji ikipungua."

"Unarudi lini, Lauchie?"

"Si ndiyo tunapanga ninyi mje huku?"

"Nimekuuliza unarudi lini."

"Una, usianze. Unaongea kama uko mahakamani."

Nikakata simu. Nilidhani nitatetemeka, wala. Nikaenda nikafanya sehemu ya hoja, saa ikaenda, Ranald akalia nikambeba na dakika zikapita, nikaacha maswali matatu nusu. Nikapata vizuri kuliko siku zote. Sijui hiyo ni habari njema au ni ugonjwa.

Dada, jikoni hakujajaa watu. Njoo.

Una


Jikoni
Februari 7, 2025

Una mpenzi,

Ninakuandikia ukiwa ng'ambo ya ukuta. Mlango umefungwa, umeshamwonyesha msimamizi chumba kizima, mpaka chini ya kitanda. Nimesikia ukisema "ndiyo, bwana" kwa sauti ya mapokezi. Kisha kimya. Umeanza.

Wiki nne nilizokaa hapa umetoka 147 ukaenda 149, ukarudi 148, ukaenda 152, ukakaa. Hujafika 155 hata mara moja saa ikiwa inakwenda. Nalijua hilo, wewe unalijua, na asubuhi hatukulitaja. Ulikula mkate wa shayiri, ukafunga nywele, ukaingia.

Ranald ameamka mapema kuliko tulivyopanga. Anaujua mlango. Amekaa mbele yake anaupiga kwa viganja viwili na kulia. Mama Peigi akainuka.

"Mpe mama yake."

"Mlango ukifunguka, mtihani unafutwa."

"Nani anafuta?"

"Mtu wa kwenye kamera."

"Yuko wapi huyo mtu?"

"Sijui, Mama. Mbali."

"Basi yeye aje ambembeleze!"

Nikambeba. Nikazunguka naye jikoni kama nilivyokuwa nikizunguka na rozari, bila kuwaza. Nikamwonyesha dirishani bahari iliyoganda mpaka upeo, hakutaka. Nikampa uji, akaula wote, nikajiona hodari. Kisha akanitazama usoni kama hakimu, akautapika uji wote kichwani kwangu. Nywele zangu ndiyo kwanza zinaota, Una, sina hata za kufunika masikio. Uji ukashuka shingoni, ukaingia ndani ya sweta. Mama Peigi akasema, "Amekubatiza."

Nikacheka. Ilinitoka kwa kishindo, nikakamata kitambaa cha vyombo nikaziba mdomo nisikuvuruge, nikakaa sakafuni na mtoto, machozi yananitoka, uji umejaa kila mahali. Mama Peigi akadhani nimeugua. Sijui nimecheka muda gani. Sikuwa nimekumbuka kwamba kucheka kunauma mbavu.

Sasa amelala. Nasikia kiti chako kinasogea. Sijui unaandika nini mle ndani. Najua mtoto alilia na saa hukuisimamisha, na hukutoka.

Dada yako,
Marcella


Judique
Februari 27, 2025

Lauchie,

Nimekuandikia barua kwa sababu kwenye simu huwa unanikata kauli kabla sijafika mwisho.

Matokeo yametoka jana. Nimepata 152. Tulikubaliana 155. Sikufika, na sitakuambia karibu nilifika, wala sitamlaumu mtoto, wala dakika. Nilitumia zote na hiyo ndiyo iliyotoka.

Nilimpigia yule mama wa chuo. Akasema mwaka huu hawatakaa kunizungumzia. Akaniuliza nilianza na ngapi. Nikamwambia 143, na kwamba saa ikienda bila kusimama ilikuwa 144. Akasema wengi hawapandi hivyo, nijaribu tena. Nimeshajiandikisha wa Juni. Dada Marcella anabaki hapa, amepata kazi ya kufulia katika hospitali ya Inverness, na jioni ananisahihishia. Mama yako anamchukua Ranald asubuhi. Anasema nikuambie keki ya siku yako ya kuzaliwa ameila.

Sasa nisikilize. Nilikubali ya kwamba nisipofika tutauza nyumba nami nitakufuata. Nilikubali kwa sababu siku hiyo sikuwa nasikia kitu, ningekubali hata kukatwa mguu. Wewe nawe ulikubali kurudi kila zamu ikiisha. Wote wawili tumevunja, kwa hiyo sikudai na wewe usinidai. Mke wa mtu hufuata mume, mama yako aliniambia hivyo siku ya harusi, na juzi akasema, "Futa hayo niliyoyasema."

Siji Alberta. Wakala alipiga simu kuhusu picha, nimemwambia asije. Nyumba ina majina mawili, na jina moja halitii sahihi.

Nilidhani nikifika mstari huu nitalia au nitakutukana. Sijafanya lolote. Mikono yangu ina joto, basi, na nimeona nikuandikie hilo pia.

Ranald anatembea. Hatua nne kisha anakaa. Kama unataka kumwona, njia unaijua. Lakini ukija, bisha hodi, usiingie tu kama zamani. Kuna mtu anasoma.

Una Gillis